Mlango Niliouacha Wazi Kwenye Bonde la Douro

Kwanza, viatu. Mtu akikuambia kwamba kuwaongoza matajiri kwenye miji ya kale ya Ulaya ni kazi ya maneno, muulize kama amewahi kuteremka vilima vya Lisbon akiwa na visigino. Barabara za kule zimetandazwa vijiwe vyeupe, vidogo, vilivyosuguliwa na nyayo za watu mpaka vinateleza kama sabuni. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya nilivyonunua Ilford, hapa London, nikitaka nionekane mtu wa maana. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa chini, miguu juu, mbele ya wageni wanane. Aliyeninyanyua alikuwa mgeni mwenyewe, bibi wa makamo ya mama yangu, akanipangusa vumbi kama mtoto. Tangu siku hiyo nimevaa viatu vya raba vyeusi, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika kwamba kiongozi wake hana visigino.

Nasra, mjukuu wangu, wewe na wenzako wawili mlikuja kwangu Jumapili mkala mahamri, mkaniambia kwa Kiingereza chenu kwamba mmepata kazi kwenye kampuni ya safari. Mkasema hamtaki hadithi, mnataka mambo ya kuwafaa kazini. Mimi sijui kuyatenganisha. Kila jambo la kufaa ninalolijua lilinijia na hadithi yake, na mara nyingi hadithi yenyewe ni ya mimi kukosea. Kwa hiyo nimewaandikia kwa Kiswahili, na taratibu. Msichokielewa, Nasra, mama yako atawafasiria.

Nilikuwa mtandika vitanda. Miaka kumi na mmoja, hoteli moja kubwa katikati ya London, ghorofa ya nne na ya tano. Hapo ndipo Bwana Kirit aliponiona. Bwana Kirit ni Muhindi wa kwetu Mombasa, babu yake aliuza vitambaa, na yeye alikuja huku kijana akafungua kampuni ndogo ya safari za kifahari, ofisi yake Croydon, juu ya duka la miwani, tramu zikipita chini ya dirisha. Wageni wake walikuwa wakilala hoteli yetu usiku mmoja kabla ya kuruka. Siku moja alinisimamisha ukumbini.

"Dada, yule mama wa chumba mia nne na kumi na mbili amesifu kitanda chake. Anasema umemwekea mto mmoja tu, na ndivyo anavyopenda. Alikwambia?"

"Hakuniambia. Kila asubuhi mto wa pili naukuta sakafuni."

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Maneno utajifunza. Macho hayafundishwi." Akanipa kadi yake.

Nilipokwenda Croydon nikamwambia ukweli kabla sijaketi. "Bwana Kirit, safari zako ni za Ureno, na nusu yake ni mashamba ya mvinyo. Mimi ni Muislamu. Sinywi."

"Na mimi sinywi, na nyama sili. Kwani mwenye duka la viatu lazima avivae vyote?"

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kampuni nzima ya kuwapeleka watu kwenye mashamba ya mizabibu haikuwa na mtu hata mmoja aliyejua mvinyo una ladha gani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipigia simu kutoka Mombasa. "Huko Ureno wafanya nini?" "Nawaonesha watu makanisa na mashamba, mama." "Mashamba ya nini?" "Ya matunda." Sikusema uongo. Wapo waliosema kazi ile haikunifaa, na sikubishana nao. Niliweka mpaka wangu: sinywi, simimini, na yule asiyetaka kunywa katika kundi langu hatalazimishwa wala kuchekwa.

Sasa Jumatatu. Andikeni hili. Katika miji ile, Jumatatu ni siku ya milango iliyofungwa. Makumbusho, kasri, mengi hufungwa. Mimi sikulijua. Safari yangu ya pili niliwapandisha wageni kilima chote mpaka kwenye lango la kasri, jua kali, nikiwa nimewasimulia njia nzima watakachokiona ndani. Lango limefungwa. Mlinzi ananitazama kwa huruma. Wageni sita wananitazama bila huruma. Nikageuka nikasema, kwa sauti ya mtu aliyepanga, "Na sasa, kabla ya yote, tutakula vikeki vya maziwa na mayai kwenye duka ambalo watalii hawalijui." Duka nililiona dakika ile ile, ng'ambo ya barabara. Ilikuwa bahati tu kwamba vilitoka jikoni vya moto, ganda likivunjika mdomoni kama majani makavu. Mgeni mmoja aliandika barua akisema hiyo ndiyo ilikuwa saa bora ya safari yake. Lakini msitegemee bahati yangu. Pigeni simu siku mbili kabla, kisha pigeni tena asubuhi. Siku hizi simu yako itakwambia saa za kufungua, nayo hudanganya sana. Mtu aliye mlangoni hadanganyi.

Nawaambia haya ili mcheke. Lakini mkinihoji miaka ile ilikuwaje, neno langu ni moja: nilishangaa. Nilishangaa mwaka wa kwanza, nikashangaa wa mwisho.

Nilishangaa kwenye hoteli ya Lisbon, asubuhi moja, nilipokwenda kumwomba mtandika vitanda, mwanamke mnene mwenye miwani, anibadilishie kifuniko cha mto wa mgeni. Kireno sikujua hata neno. Nikashika mto, nikaonesha kwa mikono. Akasema, "Fronha?"

Nikabaki nimeduwaa. "Foronya?" nikasema.

"Fronha, fronha," akajibu, ananishangaa kwa nini natokwa na macho.

Nikagusa meza. Nikasema, "Meza." Akatikisa kichwa: ndivyo. Nikainua kopo. Akalitaja. Nikavuta leso yangu mfukoni, naye akaitaja, kwa ulimi wa kwao, lakini ni ile ile. Kasha. Bendera iliyokuwa ikipepea dirishani. Tukazunguka chumba kizima, wanawake wawili wa vitanda, tukigusa vitu na kucheka, mpaka akaketi kitini kwa kicheko. Maneno niliyonyonya kwa mama yangu Mombasa, niliyodhani ni yetu tu, kumbe yalipakiwa melini hapa, karne na karne zilizopita. Na waliokuja nayo hawakuja kwa wema. Wajuzi wanasema hata gereza letu latokana na neno lao la kanisa. Ukilifikiria hilo unanyamaza. Jioni ile niliwapeleka wageni kwenye kanisa kubwa alimozikwa nahodha wao aliyepita kwetu, kaburi la mawe yaliyochongwa kama lesi. Mgeni mmoja akaniuliza, "Kwenu wanamkumbuka vipi?" Nikamwambia, "Tunakumbuka mizinga yao. Na tunalalia foronya zao." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama kwa namna nyingine.

Nilishangaa pia Coimbra, kwenye maktaba ya kale ya chuo kikuu. Rafu zimepanda toka sakafuni hadi darini, zimenakshiwa dhahabu, vitabu vya ngozi maelfu. Na nyuma ya rafu wanakaa popo. Popo, wanangu, wa kweli. Wanaachwa makusudi, maana usiku hutoka wakala wadudu wanaotafuna karatasi. Kila jioni wafanyakazi hufunika meza kwa ngozi, na kila asubuhi hupangusa uchafu. Mimi niliyefukuza popo kwenye dari la nyumba yetu kwa ufagio, nilisimama pale nikaona haya. Mara ya kwanza niliwaeleza wageni kwa dakika ishirini. Mara ya pili, kumi. Mwishowe nilikuwa nasema sentensi mbili mlangoni, tukiingia nakaa kimya. Mgeni akishashika pumzi mwenyewe, wewe usimpigie kelele.

Lakini mwalimu wangu wa kweli alikuwa bondeni, juu kaskazini, kwenye mto Douro. Bonde lile sijui niwaeleze vipi. Milima imesimama pande zote mbili za mto, na kila mlima umekatwa matuta kutoka chini mpaka kileleni, kila tuta limeshikwa na ukuta wa mawe meusi, na kila jiwe liliwekwa kwa mkono. Kuta hizo ukizinyoosha sijui zingefika wapi. Na juu ya kila tuta mizabibu, kijani kibichi wakati wa joto, na ikifika vuli inageuka rangi ya moto. Mara ya kwanza dereva alipokata kona tukaliona bonde lote, nilisahau kipaza sauti kiko wazi, nikasema, "Subhanallah." Wageni wote wakanigeukia. Ikabidi niwafasiri.

Kwenye shamba moja la kule alikuwako Dona Amélia. Dona ni kama sisi tunavyosema Bi. Mfupi, aproni ya buluu, mikono imeingia rangi ya zabibu isiyotoka. Ndiye aliyekuwa mkuu wa maghala ya mvinyo, kama mama yake kabla yake. Aliponiona narudisha glasi bila kuigusa, mara ya tatu mfululizo, alinishika mkono akanipeleka pembeni penye mapipa. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno mia, na Kireno changu kilikuwa cha maneno ya chumba cha kulala. Akanisogezea glasi puani, akanigusa pua kwa kidole. "Hapa," akasema. "Mdomo, hapana. Hapa, ndiyo."

Nikanusa. Nikamwambia kile nilichokisikia, bila kufikiri, kama mtoto darasani: karafuu. Ngozi ya kiatu kipya. Zabibu kavu za pilau. Chini kabisa, moshi.

Akanitolea macho. Akaniletea nyingine. Na nyingine. Moja nikamwambia, "Hii yanuka karatasi iliyoloana." Akanipiga begani kwa furaha, akaimwaga chini. Kizibo chake kilikuwa kimeoza.

Mimi nimelelewa na mwanamke aliyesaga udi na kuchanganya manukato ya maharusi. Tangu utotoni nilikuwa nikiulizwa, "Hii imezidi nini?" Sikujua kwamba pua ile ni elimu. Dona Amélia ndiye aliyeniambia. Tangu siku ile niliwafundisha wageni kunusa kabla ya kunywa, na niliwaambia wazi kwamba mimi huishia hapo. Wengi walipenda. Mmoja hakupenda.

Bwana Hargrove alikuwa mjenzi aliyestaafu, mtu mrefu, sauti kubwa, mwenye kujua mvinyo, na mwenye kukujulisha kwamba anajua. Alisafiri na mkewe, Bi Ellen, mama mkimya, kofia nyeupe ya majani, ambaye kila akiulizwa anataka nini alimtazama mumewe kwanza. Kundi lilikuwa la watu sita. Kuanzia Lisbon mpaka Coimbra mpaka Porto, Bwana Hargrove alinisahihisha. Wakati mwingine alikuwa na haki.

Tulifika kwa Dona Amélia wakati wa mavuno. Ni wakati mzuri kuliko yote na wa hatari kuliko yote. Zabibu zilizokamuliwa zikianza kuchacha kwenye matangi, hutoa hewa nzito isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushuka na kulala chini, kama maji yasiyoonekana. Ukiingia penye hewa hiyo hujui kitu. Kichwa kinakuwa chepesi, magoti yanalegea, basi. Siku hizi kuna vifaa vya kupima vinavyolia ukutani, na hivyo ndivyo vya kutegemea. Siku zile, kwenye ghala lile la kale, Dona Amélia alikuwa na mshumaa juu ya ufito mrefu.

Akatusimamisha kwenye mlango wa ghala la chini. Ngazi sita za mawe zilishuka gizani. Akashusha mshumaa. Ngazi ya kwanza, unawaka. Ya pili, unawaka. Ya nne, ukanywea, ukafa, bila upepo wowote. Wageni wakaguna. Nami nikasisimka, kwa sababu nilihisi kama nimeoneshwa kitu kinachopumua mle ndani.

"Michezo ya watalii," alisema Bwana Hargrove.

Dona Amélia hakuelewa, au alijifanya. Akaniambia kwa Kireno nifunge vizuri, akaniashiria komeo la chuma, kisha akatangulia na wageni kwenda kivulini palipoandaliwa chakula. Nikauvuta mlango. Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye komeo. Bwana Hargrove, aliyebaki nyuma, akasema, "Niambie kweli. Tunaongozwa kwenye mashamba ya mvinyo na mtu ambaye hajawahi kuuonja? Nitampigia simu bosi wako leo hii. Ni dhihaka."

Nikageuka nimjibu. Nilikuwa na jibu zuri. Silikumbuki hata neno moja. Ninachokumbuka ni kwamba nilitembea pamoja naye mpaka mezani nikibishana kwa adabu, uso unaniwaka, na komeo nililiacha lilivyo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kila mahali unapofika na wageni, kabla hawajauliza, waambie choo kiko wapi. Wape maelezo kamili, mlango upi, mkono upi. Wapo watu wazima watakaoona haya kuuliza mbele ya wenzao. Siku zote nilisema. Siku ile, kwa hasira, sikusema. Na kila mkiketi, hesabuni watu. Siku zote nilihesabu. Siku ile nilihesabu mkate umeshakatwa.

Watano.

Kofia nyeupe haikuwepo. "Bwana Hargrove, Bi Ellen yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta choo, nadhani," akasema, hakuinua macho.

Nilisimama. Sikukimbia mwanzo, nilitembea haraka, kisha nikakimbia. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita. Nikaona chini, kwenye ngazi ya mwisho, Bi Ellen ameketi ameegemea ukuta kama mtu aliyechoka, kofia imeanguka mapajani.

Nikateremka ngazi ya kwanza. Nikavutwa nyuma kwa mtandio wangu kwa nguvu hata nikakabwa koo. Alikuwa Dona Amélia. Sijui aliniona saa ngapi nikiondoka.

"Hapana!" alisema kwa Kireno, akaninyooshea vidole viwili usoni. "Wawili! Maiti wawili!"

Nilimwelewa. Wanangu, kumwelewa na kutii ni mambo mawili. Kila kiungo changu kilitaka kushuka. Alinishika kiuno kwa mkono mmoja huku akipiga kelele kwa wafanyakazi. Ghala lile limechimbwa ubavuni mwa mlima, lina mlango wa pili chini, unaofungukia shambani. Niliwasikia wanaume wawili wakizunguka mbio, nikasikia vyuma vikifunguliwa, kisha mwanga ukamwagika ndani na feni kubwa ikaanza kunguruma. Mimi nilibaki juu ngazini nikimwita, "Ellen! Ellen! Bi Ellen!" mpaka sauti ikakatika. Wale wanaume waliingia wamebana pumzi, wakamshika mabegani, wakamburuta nje kwenye jua.

Tulipofika amelazwa kwenye majani kati ya mistari ya mizabibu. Uso kama majivu. Bwana Hargrove alikuja anakimbia, leso ya chakula ingali shingoni. Akapiga magoti. Akamwita kwa jina ambalo sikuwahi kumsikia akimwita. "Ellie. Ellie."

Sijui ilikuwa muda gani. Kisha kifua chake kikapanda. Akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kiatu changu kiko wapi?"

Gari la wagonjwa lilimpeleka kwenye kituo cha afya cha mji wa jirani. Daktari akampa hewa kwa barakoa, akampima, akasema atapona, abaki jioni ile aangaliwe. Nilikuwa ukumbini wakati Bwana Hargrove alipotoka kwenye chumba. Macho mekundu. Akanishika mikono yote miwili.

"Umemwokoa," akasema. "Kama usingehesabu, kama usingegundua, ningekuwa mgane sasa hivi. Nilikudharau, na wewe umemwokoa."

Ningeweza kunyamaza. Hilo lazima niliseme wazi, kwa sababu siku moja na wewe, Nasra, utasimama kwenye ukumbi kama ule, mtu anakushukuru kwa kitu ambacho wewe ndiye uliyekiharibu. Hakuna mgeni aliyejua. Dona Amélia alijua. Nilimwona akilitazama komeo, kisha akanitazama mimi, kisha akaenda zake bila neno. Asingesema kamwe. Nilikuwa na mume aliyekuwa akiendesha basi na mgongo wake umeanza kumsumbua, na mama yako, Nasra, alikuwa bado shuleni.

"Bwana Hargrove," nikasema, "mlango ule niliambiwa niufunge kwa komeo. Sikuufunga."

Akaachia mikono yangu. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nimekukasirikia. Niligeuka nikujibu, nikasahau."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki. "Kwa lile nililosema."

"Ulisema ulilosema. Komeo lilikuwa mkononi mwangu, si mkononi mwako."

Akainuka, akarudi chumbani kwa mkewe, akafunga mlango taratibu sana.

Nilitoka nje nikampigia simu Bwana Kirit, nikamweleza yote, tangu dhihaka mpaka kiatu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nikasikia tramu ikipita Croydon.

"Umemwambia mumewe kuhusu komeo?"

"Nimemwambia."

"Angekuwa hajui, ungemwambia vilevile?"

"Alikuwa hajui."

Kisha akasema, "Sikia, dada. Kesho wapange wengine waendelee na dereva, wewe kaa na hao wawili mpaka waruke nyumbani. Ukirudi, njoo ofisini."

"Kunifukuza?"

"Kukuachisha, nitafute mwingine? Huyo mwingine bado hajasahau komeo lake. Wewe umeshasahau lako, na hutasahau tena. Njoo tuandike kila mlango wa kila mahali tunapokwenda."

Na tuliandika. Milango, ngazi, visima, vyoo, nani mwenye ufunguo. Mkiingia kwenye kampuni yenu mpya, ulizeni kama wana daftari la namna hiyo. Kama hawana, lianzisheni. Wageni hawatalijua, na ndivyo inavyopaswa.

Asubuhi iliyofuata nilifika kituo cha afya na mabegi yao tayari, tikiti za kurudi London zimeshabadilishwa. Bi Ellen alikuwa ameketi kitandani, amevaa, nywele amechana. Mumewe amesimama dirishani, ametupa mgongo.

"Mume wangu ameniambia kuhusu mlango," alisema.

"Samahani, Bi Ellen. Samahani sana."

"Nilikuwa natafuta choo, na milango yote pale inafanana." Akatabasamu kidogo, kwa haya. "Niliona aibu kuuliza mezani. Nina miaka sitini na minane, na niliona aibu kuuliza choo. Nimelala nikiliwaza hilo kuliko mlango wako." Akamtazama mumewe, lakini safari hii hakungoja idhini yake. "Sitaki kurudi nyumbani. Daktari amekubali. Jana ulituambia kuna mahali juu, ambapo bonde lote linaonekana. Nataka kupaona."

Bwana Hargrove aligeuka. Nilidhani atakataa. Akachukua kofia nyeupe kitandani, akampa mkewe, kisha akachukua mabegi, yote mawili, mimi asiniachie hata moja.

Gari la kukodi lilipanda kona baada ya kona. Juu kabisa kuna kanisa dogo na ukuta mfupi wa mawe, na baada ya ukuta hakuna kitu ila hewa. Ukungu ulikuwa ukipanda polepole kutoka mtoni, tuta baada ya tuta likijitokeza, mamia kwa mamia, na kwenye matuta watu wadogo kama siafu wakichuma zabibu, na nyimbo zao zikitufikia zimechelewa. Nilikuwa nimepasimulia mahali pale mara nyingi. Nilikuwa na maelezo mazuri sana, yenye wafalme, mafuriko, na waliopasua milima.

Bi Ellen alisogea mpaka ukutani. Akavua kofia. Akavuta pumzi, ndefu, mabega yakapanda, akaishika, akaitoa. Akavuta nyingine. Bwana Hargrove aliliangalia bonde kidogo tu, kisha akaacha, akawa anamtazama mkewe akipumua, mdomo umefunguka kama mtoto aliyeoneshwa mwezi.

Nilisimama nyuma yao hatua mbili. Nikahesabu: wawili. Na maelezo yangu yote nikayanyamazia.